Mlio wa Gia ya Tatu

Kilichonifanya nimchukie yule kijana tangu mwanzo ni kwamba aliingia karakana bila kuniamkia. Nilikuwa nimejikunja chini ya kombaini namba saba. Nilipotoka nikamkuta amesimama hatua tatu nyuma yangu, ameshika pikipiki, ananitazama tu. Mimi mtu wa miaka arobaini na sita, kichwa kina mvi, na yeye hajafikisha hata ishirini na tano. Nikangoja. Kimya. Nikajisemea, haya, Wabarabaig ndio hawa, shule wamepelekwa lakini adabu wameiacha huko huko na ng'ombe.

"Kwenu hamwamkii wakubwa?" nikamuuliza.

Akashtuka. Akamtazama Basili wa stoo, aliyekuwa anapanga mikanda ya mashine pale pembeni, kisha akainama kidogo na kusema kwa nguvu, "Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Haya, una shida gani?"

Naitwa Theodory. Kwetu ni Endagikot, kule juu Mbulu, lakini wakati huo nilikuwa nimeshatimiza miaka kumi na miwili kwenye karakana ya shamba la ngano la serikali, huku chini Hanang. Ulikuwa mwaka wa themanini na mbili, mwishoni mwa Juni, baridi na upepo wa vumbi. Ngano ilikuwa imeshageuka rangi, na zilibaki wiki mbili kombaini ziingie shambani. Pikipiki ya mtu ndicho kitu cha mwisho nilichokuwa nakitaka. Lakini kijana huyo, Gidabuday, alikuwa bwana mifugo, na meneja alikuwa ameshamwandikia kikaratasi: Asaidiwe.

"Inalia, fundi. Kwenye giaboksi. Nikiingiza gia ya tatu nikashika mwendo, inalia nyembamba, kama mbu yuko sikioni."

"Ongea, kijana. Hapa si kanisani."

Akarudia kwa kupaza sauti, na Basili akainua kichwa, akakirudisha kwenye mikanda yake.

Pikipiki yenyewe niliijua. Ya Kijapani, ya zamani, imepita kwa mabwana mifugo watatu kabla yake, tangi limebonyea, kiti kimeshonwa kwa ngozi ya mbuzi. Mwezi wa pili ililetwa ikiwa na beringi iliyovunjika, ile inayoshika shafti nyuma ya sproketi ndogo ya mbele, gurudumu la meno linalovuta cheni. Niliipasua injini, nikaweka nyingine. Spea ya pikipiki Hanang nzima ilikuwa haipatikani, lakini beringi ni beringi, na ya namba ile ile ipo kwenye kombaini. Nilichukua moja kwenye rafu ya zilizotumika, nikaiosha kwa petroli, nikaivisha kidoleni, nikaizungusha karibu na sikio. Ilikuwa kimya kabisa, nikaifunga.

Ndivyo nilivyokuwa nafanya kazi. Wengine walifungua mtambo ndipo wajue ugonjwa wake, mimi nilisikiliza. Nilikuwa naweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, halafu nakwambia silinda gani inasumbua. Beringi iliyotumika haikurudi kwenye mtambo wowote pale mpaka ipite kwenye kidole changu, na ikipita niliitia alama ya vema kwa chaki. Wale wataalamu wa kigeni wa mradi walikuwa na vifuniko vya masikio, vinakaa kichwani kama vikombe viwili, wanavivaa kila tunapojaribu injini. Waliniletea na mimi vyangu. Nilicheka sana. Fundi azibe masikio, mpishi naye aondolewe ulimi? Nikavitundika kwenye msumari, nikawa natunzia nati ndogo ndogo.

Basi nikaipanda pikipiki ya Gidabuday mpaka kwenye matangi ya dizeli, nikageuza, nikarudi kwa gia ya tatu nimeikamua. Nilisikia injini ikiunguruma vizuri. Nilisikia cheni ikipiga kidogo. Basi.

"Haina kitu," nikamwambia.

"Imelia, fundi. Ulipokuwa unarudi nimeisikia nikiwa hapa hapa."

"Umesikia upepo."

"Inalia," akasema tena, kwa upole ule ule uliokuwa unanichoma. Kisha akanieleza shida yake. Alhamisi adhuhuri chanjo ya sotoka, ule ugonjwa unaomaliza ng'ombe, ilikuwa inakuja na lori la Arusha, ndani ya sanduku la barafu. Barafu inadumu siku mbili. Ikiyeyuka, chanjo imekufa. Alikuwa na mikusanyiko saba ya ng'ombe, kuanzia Hirbadaw mpaka Getanuwas, na kwa sababu njia za zamani zilikuwa zimelimwa ngano, ilimbidi azunguke shamba lote. Gari la wilaya lilikuwa juu ya matofali tangu Desemba.

"Wazee walikuwa wamekataa," akasema. "Nimewabembeleza mwezi mzima, wamekubali siku hizo mbili tu. Nisipotokea wanahama na ng'ombe kufuata majani, na mimi hawatanisikiliza tena. Boma la pili kutoka kwa baba yangu wameshakufa ng'ombe kumi na mmoja."

"Basi nenda. Pikipiki nzima."

"Mwezi wa pili ilianza hivi hivi, kwa kulia. Halafu ikavunjikia nyikani. Niliisukuma siku nzima."

Hilo likaniudhi zaidi. Nikaipandisha kwenye stendi, nikaanza kutafuta mlio ambao kwa hesabu zangu haukuwepo. Kazi ya namna hiyo inatia wazimu. Mtambo mbovu una heshima yake, unakuonyesha ulipoumia. Huu ulikuwa mzima, na mwenyewe amesimama juu yangu kama karani wa mahakama. Nikalegeza cheni, nikaikaza. Nikahesabu meno ya sproketi, yote yapo. Nilipofika mbele nikagusa taa, vidole vikateleza. Nikanusa.

"Hii ni nini?"

"Samli, fundi. Mama huwa anaipaka nikiwa naondoka safari."

"Anapaka pikipiki samli?"

"Anapaka taa tu. Kama anavyompaka mtu anayesafiri."

Hapo nikapata mahali pa kumwaga hasira yangu yote. Nikamwambia pikipiki si ndama. Nikamwambia samli inashika vumbi, vumbi linaingia kwenye cheni, cheni inasaga, ndiyo maana inalia, na kama mama yake anataka kubariki kitu abariki mbuzi. Nilisema mengi na nilisema kwa sauti, mafundi wa upande wa trela wakaacha kazi kunitazama. Gidabuday alichukua tambara mfukoni mwangu, bila kuomba, akaifuta ile taa taratibu mpaka ikakauka.

"Haya," akasema. "Sasa samli hakuna. Iendeshe tena, usikilize."

Sikuiendesha. Nilimwambia arudi kesho.

Jumanne nikaipasua injini. Siku nzima ya kazi, na kombaini namba saba inanisubiri tumbo wazi. Niliimwaga oili kwanza, nikaichuja kwenye kitambaa cheupe. Ilikuwa na vumbi la chuma linalometameta kidogo. Nikasema haya ni mabaki ya ile beringi iliyovunjika mwezi wa pili. Nikatoa gia moja moja, nikazipanga kwenye gunia. Meno mazima. Shafti haijapinda. Nikaing'oa na beringi yangu, ile ya kombaini, nikaiosha, nikaivisha kidoleni, nikaizungusha. Kimya. Nikaisogeza mpaka ikagusa sikio. Kimya kabisa.

Gidabuday alikuwa amechuchumaa upande wa pili wa gunia. Alisema kitu, sikukishika, nikamwambia anyamaze nifanye kazi.

Nilipokuwa naifunga nilikuwa nawaka ndani. Nilijiuliza watu wamekuwaje siku hizi. Mtu mzima anasema kitu hakipo, mtoto anasema kipo, na mtoto hataki kushindwa. Na nyumbani kwangu ilikuwa vile vile. Pasaka ile nilikuwa nimepanda Endagikot kuwaona mke wangu Verediana na watoto. Binti yetu mdogo, Hilaria, wa miaka saba, alinipita pale penye zizi amebeba kuni, akasimama, akanitazama, akaendelea. Mimi baba yake, niliyekuja kutoka mbali, hakuniamkia. Nikamwita, nikamuuliza kwa nini. Akasema ameniamkia. Nikamwambia asinidanganye. Akasema tena ameniamkia, machozi yanamtoka, na hapo nikavua kandambili nikamchapa, si kwa kukosa adabu tu, bali kwa uongo. Verediana akatoka jikoni akasema mtoto ameamkia, yeye amemsikia toka ndani. Nikaona sasa wameungana, mama na mtoto, kunifanya mjinga kwenye nyumba yangu. Nilirudi Hanang kesho yake bila kuaga vizuri, na hasira ile nilikuwa bado ninayo mwezi wa sita, nikiwa nakaza boliti za pikipiki ya Mbarabaig.

Jumatano asubuhi nikamkabidhi. Akaizungusha karakana mara moja, akarudi, akazima. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Bado, fundi."

Nilitupa spana. Sikumtupia yeye, nilitupa ukutani, lakini ilipita karibu. Nilimwambia amekuja kunichezea. Nilimwambia kama hataki kwenda kuchanja ng'ombe aseme, asitafute mlio wa kusingizia, na wazee wake wakifiwa na ng'ombe asiseme ni Theodory. Hilo la mwisho lilimfika. Uso wake ulibadilika, nikafurahi kwamba limemfika, na nikajionea aibu hapo hapo kwa kufurahi.

Akaipandisha pikipiki kwenye stendi, gurudumu la nyuma likawa hewani. Akaiwasha, akaingiza gia ya tatu, akavuta mafuta. Akanyoosha kidole kwenye sproketi ya mbele.

"Hapo," akasema kwa mdomo mpana. "Inalia hapo, sasa hivi."

Nikaweka bisibisi pale pale alipoonyesha, mpini sikioni. Nilisikia mapigo ya injini. Nilisikia gia zikizunguka, mvumo ule mzito ninaoujua. Hakuna mbu. Nikamgeukia Basili. Basili ni rafiki yangu, tumekula sahani moja miaka tisa.

"Basili! Njoo hapa. Inalia hii?"

Akaja. Akasimama. Hakuinama hata kusikiliza. Akatazama viatu vyake.

"Inalia, Theo."

"Na wewe?"

"Inalia. Toka Jumatatu."

Nikaizima ile pikipiki kwa hasira, nikaenda kwenye rafu. Niliamua kummaliza yule kijana mbele ya mashahidi. Nikachukua beringi sita zilizotumika, zote zina vema yangu, zote zikingojea kuingia kwenye kombaini kabla ya mavuno. Nikaivisha ya kwanza kidoleni, nikaizungusha mbele ya uso wake.

"Hii je?"

"Hiyo haina sauti."

"Na hii?"

"Hiyo haina."

"Hii?"

"Hiyo inalia kama ya kwangu."

Katika sita alisema mbili zinalia. Nikacheka. Nilichukua msumari, nikazikwaruza zile mbili alama ndogo ubavuni. Nikamfunga macho kwa tambara la grisi, nikalikaza mpaka nyuma ya kichwa, nikazichanganya zote sita kwenye kofia yangu. Nilitaka karakana nzima imwone akibahatisha. Nikazungusha moja moja. Alizitaja zile zile mbili. Nikachanganya tena. Zile zile mbili. Mara ya tatu nikafanya hila, nikaizungusha nzima kwa nguvu sana na ile mbovu kwa kuigusa tu. Gidabuday akatabasamu chini ya tambara.

"Unaizungusha polepole," akasema, "lakini ni ile ile. Fundi, mimi nimekua nasikiliza kengele za ng'ombe gizani. Najua ng'ombe wa nani amechelewa."

Mafundi walikuwa wameshakusanyika. Hakuna aliyecheka. Nikaichukua moja ya zile mbili, nikaifunga kwenye gunia kukuu, nikaiweka juu ya chuma na kuipiga nyundo mpaka ikapasuka. Nikaokota kipande cha ndani, mahali golori zinapopita, nikakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa kimechimbika vishimo vidogo vidogo, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Mtoto wa shule angeona ile ni mbovu. Mimi niliizungusha sikioni mwezi uliopita, nikaitia vema.

Nikaivisha ya pili kidoleni, nikaizungusha, nikaisikiliza. Niliziba sikio la kulia nikasikiliza kwa kushoto, nikabadilisha. Niliona golori zikikimbia. Sikusikia kitu. Kisha nikaizungusha moja ya zile nzima, na sikusikia kitu vile vile. Kwangu zote zilikuwa sawa. Sijui zilikuwa sawa tangu lini.

"Basili," nikasema, "mlikuwa mnajua?"

Basili alikuja akasimama mbele yangu, uso kwa uso. Sasa nikatambua kwamba alikuwa anasimama hivyo kila mara akitaka kusema na mimi, miaka mingi, na mimi nilidhani ndiyo tabia yake.

"Sote tunajua, Theo. Mbona tunakupigia kelele?"

"Nilidhani ni kwa sababu ya mitambo."

"Hata tukila tunakupigia kelele. Mitambo imekuchukua masikio. Sauti nene unasikia, nyembamba husikii."

"Na hamkuniambia."

"Ungetupiga spana," akasema Basili, na kwa kuwa ile spana bado ilikuwa chini pale ukutani, sikubisha.

Nataka niseme ukweli jinsi nilivyojisikia. Sikuhuzunika kwanza. Nilikasirika. Nilikasirikia kombaini, nilikasirikia Basili, nilikasirikia vile vifuniko vilivyoning'inia kwenye msumari vimejaa nati. Kitu kimoja tu nilichokuwa najivunia duniani kilikuwa kimeondoka bila kuaga, na watu wote waliona kikiondoka isipokuwa mimi. Nikamgeukia Gidabuday, ambaye alikuwa ameshavua lile tambara, grisi imemchora paji la uso.

"Jumatatu," nikamuuliza. "Ulipoingia. Uliniamkia?"

"Mara mbili, fundi. Ile ya tatu ndiyo uliyosikia."

Nikakaa juu ya gurudumu la trekta. Hilaria akanijia machoni, amesimama pale penye zizi na mzigo wa kuni, anatazama nimwitikie. Ana kisauti chembamba yule mtoto. Alichukua sauti ya bibi yake.

Gidabuday ndiye aliyeniinua. Alisema, kwa nguvu na mbele ya uso wangu, "Fundi, kesho ni Alhamisi." Na kweli kazi ilikuwa bado pale, na muda ulikuwa haungoji huzuni ya mtu.

Tuliipasua injini mara ya pili. Safari hii yeye alikaa upande wangu. Nilipoing'oa beringi ya mwezi wa pili nilimpa, akaizungusha mara moja tu, akaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu. Tukaenda kwenye rafu. Alijaribu za namba ile zote, akachagua moja, akanipa. Nilitaka sana kuizungusha mwenyewe. Mkono ulikuwa umeshaenda. Nikauzuia, nikaiweka beringi kwenye nafasi yake, nikaigonga mpaka ikakaa. Kwa mikono yangu sikuwa na wasiwasi. Tulikaza boliti ya mwisho jua linaelekea kuzama, na alipoizungusha karakana nilisimama katikati ya mafundi nikimtazama Basili usoni badala ya kuitazama pikipiki.

"Inalia?"

Basili alisikiliza mpaka pikipiki ikafika matangi ya dizeli na kurudi. Akatikisa kichwa. "Hailii."

Kumwamini mtu mwingine juu ya mtambo wangu lilikuwa jambo gumu kuliko kuipasua injini mara mbili. Lakini ningefanya nini?

Alhamisi asubuhi Gidabuday alikuja mapema, lori bado halijafika. Sikumwomba. Alikwenda mwenyewe kwenye rafu, akaanza kuzizungusha beringi zilizobaki, moja moja, zote zenye vema. Zilikuwa thelathini na moja. Kumi na moja alizitia kwenye ndoo. Nilikwenda kwa meneja nikiwa nimeibeba ile ndoo, nikamwambia hizi zingeingia kwenye kombaini zako, na kwa nini. Alisema kazi ya kukagua beringi atapewa mtu mwingine, mimi nibaki kwenye kufunga na kufungua. Nilitoka pale nimeumia, lakini hakuna kombaini hata moja iliyokwama kwa beringi msimu ule.

Lori lilifika adhuhuri. Sanduku la barafu likafungwa nyuma ya pikipiki kwa mpira wa tairi. Gidabuday akaipiga kiki, ikawaka, kisha akashuka tena ikiwa inaunguruma, akaja akasimama mbele yangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba," nikasema. "Nenda. Na mwambie mama yako apake samli anapotaka. Ile taa haina shida yoyote."

Alirudi Jumamosi jioni, mwekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka viatu. Mikusanyiko yote saba. Wa mwisho Getanuwas walichanjwa barafu imebaki vipande viwili, na ng'ombe wa baba yake walikuwa kwenye kundi hilo. Taa ilikuwa inang'aa samli. Kesho yake alikuwa anapeleka taarifa ya chanjo Mbulu. Nikaomba ruhusa ya siku tatu, nikapanda nyuma yake, na njia nzima ya kupandisha mlima nilimgonga bega kila baada ya muda. Alikuwa ameshazoea. Anatikisa kichwa bila kugeuka: hailii.

Aliniteremsha Endagikot kabla ya saa tisa. Verediana alikuwa uani anapepeta maharage. Aliniona, akasema kitu, nikaona midomo tu, nikamwambia ngoja kwanza, nitakuja kukueleza. Hilaria alikuwa kando ya zizi. Aliponiona akarudi nyuma, mgongo ukagusa miti ya zizi, akakaza midomo. Hakutaka kujaribu tena. Kwa nini ajaribu?

Nikaenda mpaka pale, nikachuchumaa, uso wangu ukawa sawa na wake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani. Yote yalinitoka.

"Siku ile ya Pasaka," nikamuuliza, "uliniamkia mara ngapi?"

Akanitazama, akatazama miguu yangu kuona nimevaa nini. Nilikuwa nimevaa buti za kazi. Hakufungua mdomo. Alitoa mkono nyuma ya mgongo, akaunyoosha kati yetu, vidole vitatu.

"Marahaba," nikamwambia. "Marahaba. Marahaba, mwanangu."